Moto Uko Wapi?

Palikuwa na msichana mmoja Kilosa, yuko darasa la nne, ambaye alikuwa na swali. Halikuwa swali la mtihani. Lilimjia akiwa amekaa juu ya gunia la mahindi, kwenye mashine ya kusaga ya bibi yake, anaitazama injini.

"Bibi," akasema, "moto uko wapi?"

Hilo ni swali zuri mno, wajukuu zangu. Watu wazima wamesaga mahindi pale miaka nenda rudi. Wamelipa, wamejitwika debe la unga, wamekwenda zao. Moshi wanauona. Joto wanalisikia. Mngurumo unawafuata mpaka nyumbani. Lakini nani kati yao aliyewahi kusimama akauliza moto wenyewe umekaa wapi? Aliyeuliza ni mtoto wa darasa la nne. Mpigieni makofi kidogo, halafu tuendelee.

Bibi hakujibu palepale. Alikaza kanga kiunoni, akaingiza ncha zote ndani, maana mkanda wa mashine hauchagui. Ukishika nguo, unaivuta na mwenye nguo. Kisha akapaza sauti.

"Mzee! Njoo huku. Mke mwenzangu ana swali."

Mjue kwamba nyumba ile ina mafundi wawili. Babu alikuwa fundi wa reli mpaka alipostaafu. Bibi alinunua mashine yake kwa pesa za ufuta, na tangu siku hiyo injini ni yake. Babu anaijua injini kwa macho na vidole. Bibi anaijua kwa masikio. Anaweza kuwa jikoni anasonga ugali, mashine inaunguruma kule nje, mara injini ikakohoa. Kikohozi kimoja tu. Mwiko unasimama.

"Nozeli hiyo," anasema Bibi. Na anaendelea kusonga.

Babu akaja anajipangusa mikono kwa kitambaa chenye oili. Akaketi kwenye gunia la pili. Mdogo wake yule msichana, wa chekechea, akaja naye, akaketi kwenye goti la Babu, maana gunia la tatu halikuwepo.

"Umewahi kukitazama chungu cha maharage kikichemka?" Babu akauliza.

"Kila siku."

"Mfuniko unafanya nini?"

"Unarukaruka."

"Nani anaurusha?"

Msichana akafikiri. "Mvuke."

"Basi nusu ya kazi umeshaimaliza," Babu akasema, na uso wake wote ukafurahi. "Moto unachemsha maji. Maji yanakuwa mvuke. Mvuke unataka nafasi, hauna, unausukuma mfuniko. Sasa chukua chungu hicho ukitengeneze kwa chuma kinene. Mfuniko wake uutie ndani ya bomba, upande na kushuka bila kutoka. Fundi anauita mfuniko huo pistoni. Uufunge kwenye fimbo ya chuma, na ile fimbo uifunge kwenye gurudumu. Mfuniko ukisukumwa, gurudumu linazunguka. Umepata nini?"

"Garimoshi!"

"Garimoshi. Na moto uko wapi?"

"Chini ya chungu."

"Nje ya maji, ndiyo. Likumbuke hilo, nje."

Garimoshi si jambo la mbali kwa mtoto wa Kilosa. Wajerumani walianza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Mwaka 1907 ikafika Morogoro. Ikaja Kilosa, ikapanda kwenda Dodoma na Tabora, na mwaka 1914 ikagusa ziwa pale Kigoma. Miaka mingi baadaye tawi likatoka Kilosa, likapita Mikumi, likaenda mpaka Kidatu. Vichwa vya treni vya wakati ule vilikuwa vyungu vya chuma vinavyotembea. Vilisimama njiani kunywa maji, maana chungu kikikauka na moto unawaka chini yake, mpishi yeyote anajua kinachofuata.

"Babu," akasema yule wa chekechea, "tuambie ile ya meli."

"Ile ya meli mmeisikia mara ngapi?"

"Tuambie tena."

Basi na mimi nawaambia tena, kwa sababu ni hadithi ya kweli, na ilipita Kilosa.

Mwaka 1913, katika mji wa Papenburg huko Ujerumani, mafundi waliunda meli ya kwenda Ziwa Tanganyika. Lakini ziwa hilo liko katikati ya Afrika. Meli itafikaje? Wakaifungua. Nati kwa nati, bamba kwa bamba, wakaitia kwenye makasha yapatayo 5,000. Makasha yakavuka bahari mpaka Dar es Salaam. Kutoka Dar es Salaam yakapanda treni. Na treni ya Kigoma ilipita wapi?

"Kilosa!" wanapiga kelele wote wawili, kila mara, hata usiku watu wamelala.

Naam. Meli ilipita Kilosa ikiwa ndani ya masanduku. Kigoma, mafundi watatu waliotoka nayo kwao, mkubwa wao akiitwa Anton Rüter, wakaiunga upya wakisaidiwa na vibarua wengi. Februari 1915 ikashushwa majini. Ikapewa jina Graf von Goetzen. Lakini vita vya kwanza vya dunia vilikuwa vimeshawaka. Julai 1916 Wajerumani wakalazimika kuondoka Kigoma, na hawakutaka meli iangukie mikononi mwa adui. Wakaamua kuizamisha.

Sasa sikilizeni walichofanya wale mafundi kabla ya kuizamisha. Walichukua grisi. Wakaipaka injini grisi nene, kila mahali panapozunguka, kila mahali panaposuguana. Kisha ndipo wakaiacha izame.

"Kwa nini uipake mafuta kitu unachokizamisha?" msichana aliuliza siku ya kwanza alipoisikia.

"Kwa sababu maji na hewa hula chuma," Babu alijibu. "Grisi inavizuia visikifikie. Fundi alijua chombo kinaweza kuinuliwa siku moja."

Na ikawa hivyo. Wabelgiji waliiinua, dhoruba ikaizamisha tena. Waingereza wakaiinua mwaka 1924. Wakaondoa matope, wakafuta grisi. Injini ilikuwa nzima! Mei 1927 meli ikaanza kazi upya kwa jina jipya, Liemba, na jina hilo inalo mpaka leo. Injini zile za mvuke ziliendelea kuisukuma mpaka miaka ya 1970, ndipo zikabadilishwa zikawekwa za dizeli.

Mimi nikiwa na kopo la grisi mkononi nawakumbuka sana wale mafundi watatu. Na yule mtoto wa chekechea, tangu aisikie hadithi hii, ndiye mpakaji wa grisi nyumbani. Bibi humwonyesha kidogo cha kuchota, naye huchota mara tatu ya hicho. "Grisi ni ya beringi, mume wangu," Bibi humwambia, "ukuta tuachie chokaa."

Lakini msichana alikuwa hajasahau swali lake. Wenye maswali hawasahau, na wala msiwasahaulishe.

"Babu, mashine ya Bibi haina chungu cha maji kinachochemka. Haina kuni. Haina makaa. Moto uko wapi?"

Babu akamtazama Bibi. Bibi akaitazama injini. "Si muiulize yenyewe?" akasema.

Basi injini ikajibu. Nawapa maneno yake, kwa sauti yake nzito.

"Mimi ni Lister. Ukoo wangu ulianzia Dursley, Uingereza, na binamu zangu wengi wameundwa India. Nina silinda moja tu. Nina magurudumu mawili mazito, moja huku, moja huku. Nina nguvu za farasi 8. Sina haraka. Nazunguka mara 850 kwa dakika, wakati pikipiki inayopita hapo nje inazunguka maelfu.

"Mnauliza moto uko wapi. Uko ndani ya chungu! Mimi sichemshi maji nikangoja mvuke. Moto wangu nauwasha humohumo chini ya mfuniko, nao unausukuma mfuniko wenyewe, bila kumtuma mtu. Kazi yangu yote ina maneno manne. Vuta. Bana. Sukuma. Toa.

"Vuta. Pistoni inashuka, mlango wa hewa unafunguka, navuta hewa safi.

"Bana. Milango yote miwili imefungwa, pistoni inapanda. Hewa iliyojaza chumba kizima naiminya mpaka ikae kwenye nafasi isiyofika hata 1/15 ya ile ya kwanza.

"Sukuma. Nozeli inanyunyiza dizeli, tone dogo lililopasuliwa likawa ukungu. Inawaka. Pistoni inatupwa chini kwa nguvu.

"Toa. Mlango wa moshi unafunguka, natema moshi nje, pumu!

"Halafu naanza tena. Vuta, bana, sukuma, toa. Kati ya maneno yangu manne, moja tu ndilo lina nguvu, lile la tatu. Mengine matatu nayafanya kwa kubebwa na magurudumu yangu. Ndiyo maana ni mazito. Yanaipokea sukuma moja yanaifikisha hadi sukuma nyingine. Moto wangu unawaka mara 425 kwa dakika. Hesabuni wenyewe, ni mara 7 hivi kila sekunde. Ndiyo maana hamuuoni."

Injini ikanyamaza, yaani iliendelea kunguruma.

"Vuta, bana, sukuma, toa," akasema msichana. "Vuta, bana, sukuma, toa," akaitikia mdogo wake, huku anapanda na kushuka gotini kwa Babu. Siku mbili nzima nyumba ile haikusikia wimbo mwingine.

Lakini mnaona tatizo? Msichana aliliona. Nilifurahi sana nilipoambiwa kwamba aliliona bila kuonyeshwa.

"Babu, nani anauwasha? Kiberiti kiko wapi?"

Babu hakusema kitu. Alikwenda ukutani akachukua pampu ya baiskeli. Akaziba tundu la mbele kwa kidole gumba. "Shika huku chini," akamwambia. Kisha akapampu kwa nguvu, mara moja, mara mbili, mara tatu, nne, tano.

"Inapata moto!" msichana akasema.

"Nimewasha kiberiti?"

"Hapana."

"Nimefanya nini?"

"Umebana hewa."

Ndivyo ilivyo, wajukuu zangu. Hewa ukiiminya ghafla inapata joto. Ndani ya pampu inapata joto la kushtua kidole. Ndani ya injini ya dizeli, ambako inaminywa mara nyingi zaidi, inapita nyuzi joto 500. Dizeli huanza kuwaka yenyewe ikifika nyuzi 250 hivi. Ukiinyunyiza kwenye hewa ile, itangoja kiberiti cha nini? Pikipiki ya petroli ina plagi inayotoa cheche. Dizeli haina plagi ya cheche na haiitaki. Kuibana hewa ndiko kuwasha.

Aliyelifikiria jambo hili mpaka likawa injini aliitwa Rudolf Diesel. Alizaliwa Paris mwaka 1858, wazazi wake Wajerumani. Alihangaika miaka mingi, na mwaka 1897, huko Augsburg, Ujerumani, injini yake ikafanya kazi alivyotaka. Mafuta tunayoyaita dizeli yamebeba jina lake. Na mwaka 1900, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, injini ndogo ya aina hiyo ilionyeshwa ikinguruma kwa mafuta ya karanga.

"Karanga hizi hizi?"

Karanga hizi hizi. Bibi aliposikia alisema mashine yake isithubutu kuzionja, maana karanga zake zina wenyewe.

Sasa kuna siku moja nataka muione kwa karibu. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, foleni ya madebe imefika barabarani, na injini imekataa. Bibi aliinua kile kitasa kinacholegeza mlango wa moshi, ili hewa isibanwe na gurudumu liwe jepesi. Kijana wa mashine akazungusha hendeli. Bibi akarudisha kitasa. Pumu, pumu... kimya. Tena. Pumu... kimya. Kwenye bomba likatoka wingu jeupe lenye harufu ya dizeli mbichi.

"Dizeli inafika, haiungui," Bibi akasema. "Nozeli."

Jirani mmoja kwenye foleni akasema, "Mama, si umwite fundi?" Bibi akamwambia, "Ameshafika," akaomba spana.

Mwenye kutoa spana alikuwa yule msichana. Na si spana yoyote. Injini ile ni ya Kiingereza, ya zamani, nati zake ni za inchi. Spana ya milimita inaelekea kuingia, halafu inateleza, inakula kingo za nati, na nati ikishakuwa mviringo utaifungua kwa machozi. Msichana aliipata spana sahihi kwa kuigusa tu. Mdogo wake alishika sahani ya bati ya kupokelea nati. Sheria ya Bibi ni moja: nati zinapangwa kwenye sahani kwa mstari, iliyotangulia kutoka inakuwa ya mwisho kurudi.

Bibi akaichomoa nozeli. Akaifunga tena kwenye bomba lake la dizeli, lakini nje ya injini, mdomo unatazama pembeni palipo wazi.

"Mikono nyuma!" akasema.

Watoto wote wawili wakaweka mikono mgongoni, na jirani pia. Bibi hataki utani hapo, na mimi pia sitaki. Dizeli ikitoka kwenye nozeli ina nguvu ya kutoboa ngozi ikaingia mwilini, na jeraha lake ni dogo kwa nje na baya sana kwa ndani. Huduma yake ni hospitali, tena upesi.

Gurudumu likazungushwa taratibu. Nozeli nzima ingetoa ukungu na mlio mkavu, krr, krr. Ile haikutoa ukungu. Ilitoa mate. Tone, tone, uzi mwembamba umepinda.

"Inadondosha," msichana akasema kwa mshangao. "Ndiyo maana haiwaki! Matone makubwa mno."

Bibi alimtazama mjukuu wake kwa muda mrefu. Nozeli ikafunguliwa, ikaoshwa kwa dizeli safi, masizi ya mdomoni yakatolewa kwa kijiti cha shaba kisichokwaruza. Ikarudishwa nje, mikono nyuma tena, gurudumu likazungushwa. Krr! Ukungu. Sahani ikaletwa, nati zikarudi kwa mstari wake. Hewa iliyobaki kwenye bomba ikatolewa kwa kulegeza nati moja mpaka mapovu yakaisha. Kitasa juu, hendeli, kitasa chini. Pumu, pumu, pumu-pumu-pumu! Foleni ikashangilia. Hendeli aliizungusha kijana wa mashine, kidole gumba akiwa amekilaza upande mmoja na vidole vingine, kwa sababu injini ikipiga teke huvunja gumba lililozunguka chuma. Watoto hawashiki hendeli. Wanashika tochi, wanashika sahani, wanashika spana, na wanashika maswali.

Wako watu wazima ambao mtoto akisogea karibu na injini husema, "Toka hapa, utajichafua." Mimi siwaungi mkono. Hatari ionyeshwe kwa jina lake, mahali pa kusimama paonyeshwe, halafu mtoto aachwe atazame. Oili hutoka kwa sabuni ya mche na majivu.

Likizo ilipofika walikwenda Mikumi, kwa babu mdogo, yaani mdogo wake Babu. Walipanda Kosta. Njiani wakapita kijiji cha Ulaya, na yule wa chekechea akawatangazia abiria wote kwamba sasa amefika Ulaya. Babu mdogo ana gereji bubu kando ya barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia, chini ya mwembe. Malori yanapita hapo usiku na mchana.

Yeye hakuanza na spana. Aliwapa kigoda kila mmoja, akawaambia watazame mabomba ya malori.

"Moshi ni barua kutoka ndani ya chungu," alisema. "Haya, someni."

Moshi mweusi: dizeli ni nyingi, hewa haitoshi. Mara nyingi ni chujio la hewa limejaa vumbi. Moshi wa bluu: oili imeingia kwenye chungu na inaungua pamoja na dizeli, huenda ringi za pistoni zimekwisha. Moshi mweupe asubuhi ya baridi ni wa kawaida kwa dakika chache, injini haijapata joto. Moshi mweupe usiokoma, hapo uliza: nozeli? Au maji yameingia kwa kuwa gasketi imeungua?

Likaja lori limetoka Tunduma linakwenda Dar es Salaam. Dereva akateremka kunywa chai, injini akaiacha inanguruma.

"Bluu," akasema msichana.

"Bluu," akasema mdogo wake, ingawa alikuwa anatazama kuku.

Babu mdogo akamwita dereva, akamwomba apime oili. Utingo akachomoa kijiti cha kupimia. Oili ilikuwa chini kabisa, inagusa ncha tu. Dereva alishukuru mpaka akaongeza shukrani, na nitawaambia kwa nini. Ukitoka Mikumi kuelekea Morogoro, barabara inapita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Ni kilomita kama 50. Injini ikikufia mle, huwezi kujilaza chini ya gari na spana yako. Kuna tembo. Kuna nyati. Kuna simba, na simba hapangi foleni.

Jioni babu mdogo aliwapeleka kutembea mpaka karibu na chuo cha VETA cha Mikumi, ambako vijana husomea ufundi wa magari. Msichana aliuliza kama wasichana wanapokelewa. Babu mdogo alimjibu kwamba wanapokelewa na wanahitimu, na kwamba yeye atakuwa mgeni rasmi siku hiyo, hata asipoalikwa.

Wakarudi Kilosa. Na huko, wajukuu zangu, Babu alikuwa ana fumbo lake.

Mnajua kwamba mwaka 2024 treni za umeme zilianza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na kwamba reli yake mpya inapita Kilosa, inatoboa milima kwa mahandaki. Reli ya zamani ina upana wa milimita 1,000 kutoka chuma hiki hadi kile. Hii mpya ina 1,435. Babu alikwenda kuitazama ikipita. Ilikuja, ikavuma, ikapotea. Hakuna moshi. Hakuna pumu. Akasimama pale, mzee wa reli, na mara hii yeye ndiye aliyeuliza.

"Mjukuu wangu, moto uko wapi?"

Msichana hakujua. Akasema, "Sijui, Babu. Nitamuuliza mwalimu." Nampenda mtoto anayesema hivyo bila kuona haya.

Jumatatu aliuliza. Jumatatu jioni akamketisha Babu kwenye gunia.

"Babu, humo hakuna chungu. Kuna mota. Umeme unakuja kwa waya ulio juu ya treni."

"Na umeme unatoka wapi?"

"Mwingine unatoka kwenye maji. Kidatu kuna bwawa la Mto Ruaha, maji yanazungusha mitambo, tangu mwaka 1975. Na Rufiji kuna Bwawa la Nyerere. Hapo hakuna moto kabisa."

"Na mwingine?"

"Mwingine unatoka kwenye gesi. Gesi inachimbwa Songo Songo na Mtwara, inachomwa Kinyerezi, Dar es Salaam. Kwa hiyo moto upo, Babu. Ila umebaki Kinyerezi, treni imekuja bila moto."

Babu akacheka, akampa mkono, fundi kwa fundi. "Sasa nifundishe mota," akasema.

Hapo Bibi akaingia ndani, akatoka na feni bovu lililolala juu ya kabati miaka mingi. Akaliweka kwenye mkeka. Hakuna waya uliochomekwa ukutani. Hilo alilihakikisha kwanza, na nyinyi mlihakikishe kwanza, kila mara. Wakafungua skrubu, sahani ya bati ikafanya kazi yake. Ndani wakakuta waya mwembamba wa shaba umezungushwa mara nyingi mno, mizunguko juu ya mizunguko. Waya uliozungushwa hivyo ukipitisha umeme unageuka sumaku. Ukikatisha umeme, usumaku unakoma. Mota ni sumaku zinazovutana na kusukumana mpaka kitu kizunguke.

Yule wa chekechea hakuamini. Bibi akamletea msumari wa inchi nne, waya mwembamba wenye ganda la plastiki, na betri moja ya tochi. Waya ukazungushwa kwenye msumari mara 20. Ncha mbili zikabanduliwa ganda, zikagusishwa kwenye betri, moja juu, moja chini. Msumari ukasogezwa kwenye pini za Bibi za kushonea. Pini zikaruka zikaushika. Bibi akahesabu hadi tano na kuachia, maana betri huchemka ukiendelea, na pini zikadondoka zote.

Jaribuni na nyinyi. Zungusheni mara 20, mhesabu pini zilizoshikwa, mwandike kwenye daftari. Halafu zungusheni mara 40 kwenye msumari uleule, kwa betri ileile. Kabla hamjagusisha waya, kila mmoja aseme anadhani zitashikwa pini ngapi. Yule wa chekechea alisema elfu moja.